Haoni Vizuri Jioni: Je, Amepimwa Sukari?



Katika familia zetu mtu akisema haoni vizuri usiku, huambiwa ale karoti na maini. Kwa watoto wadogo na mama wajawazito ushauri huo una msingi, kwani upungufu wa vitamini A huleta upofu wa usiku. Lakini mtu mzima anayekula mchicha, mnafu na papai, kisha akaanza kujikwaa kwenye vijia vya migombani saa moja jioni, au kushindwa kabisa kuona akimulikwa na taa za magari barabara ya Moshi, apimwe sukari pia.

Uhusiano wake ni nini?

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, ambao hupokea mwanga. Ndani yake zimo chembe hai za kuonea gizani. Chembe hizo huhitaji oksijeni nyingi, hasa wakati wa giza, nayo huletwa na mishipa midogo sana ya damu. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, mishipa hiyo huharibika: mingine huziba, mingine huvuja. Ndipo macho huchelewa kuzoea giza. Tena kisukari huharakisha mtoto wa jicho.

Si kila asiyeona usiku ana kisukari. Mtoto wa jicho wa uzeeni, presha ya macho, kutoona mbali na magonjwa ya kurithi huleta shida hiyo hiyo. Kwa hiyo tupime, tusikisie. Tujue pia kwamba kisukari kinaweza kuharibu retina kwa muda mrefu bila maumivu wala dalili yoyote.

Tufanye nini?

1. Pima sukari asubuhi kabla ya kula. Ikiwa milimoli 7 kwa lita au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikawa hivyo hivyo, ni kisukari. Kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda ni dalili nyingine.

2. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Atatiwa matone ya kupanua mboni, hivyo aje na msindikizaji, wala asiendeshe gari au pikipiki siku hiyo.

3. Ukipewa rufaa kwenda idara ya macho KCMC, Moshi, usiahirishe. Tiba ya leza au sindano ya jicho huzuia upofu, lakini mara nyingi hairudishi uwezo wote uliokwisha kupotea.

4. Tumia dawa za sukari na presha bila kuruka siku. Punguza soda, sukari kwenye chai, na kiasi cha ugali, wali na ndizi. Acha sigara.

5. Usinunue vidonge vya vitamini A kwa kukisia. Vikizidi hudhuru ini, na kwa mjamzito hudhuru mtoto tumboni. Usitie jichoni maji ya majani.

Tarehe 13 Desemba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Lusia, msimamizi wa wenye shida ya macho. Tumwombe atuombee, ila tusingoje Desemba. Kama nyumbani kwako yuko baba, mama au bibi ambaye siku hizi hataki kutoka jioni, muulize kwa upole kama anaona njia, kisha mpeleke hospitali wiki hii.