Kauli ya Kutendana: Wawili Njiani Nepal

Jumamosi tulianza kiambishi -ana, na wengi mlikiona chepesi: penda, pendana, saidia, saidiana. Leo tukipeleke mahali chenye kazi kweli. Tuseme wewe na mkeo, au mumeo, mmekwenda Nepal kutembea kwa miguu hadi kambi iliyo chini ya mlima Everest, mita 5,364 kutoka usawa wa bahari.

Ndege ndogo itawashusha Lukla, mita 2,860. Kutoka hapo ni miguu yenu. Njia ni nyembamba, na mtapishana na misafara ya nyumbu, na huko juu yaki, wale ng'ombe wa manyoya marefu. Angalia sentensi hizi: "Tulipishana njiani." "Nilipishana na nyumbu." Mtendaji akiwa mmoja mwanzoni, mwenziwe hufuata baada ya "na". Wengi hapa huisahau hiyo "na". Mkipishana na wanyama, simameni upande wa mlima, si upande wa bonde, maana mzigo ukikugusa utakusukuma. Kwenye daraja la kuning'inia, subirini msafara wote uvuke.

Kuitana hakutawasumbua. Mwanamke aliyekuzidi umri anaitwa "didi", dada mkubwa, na mwanamume "dai", kaka mkubwa, hata kama hamjuani. Sisi tulilelewa hivyo hivyo. Na mkisikia "bistarai, bistarai", hiyo ndiyo "pole pole" ya waongozaji wa Kilimanjaro.

Sasa neno ninalotaka lishike zaidi: kuangaliana. Mkifika karibu mita 5,500, kila pumzi huingiza nusu tu, hivi, ya oksijeni mnayoipata mkiwa pwani. Mwili huzoea, ila unataka siku. Mkishapita mita 3,000, kila usiku msilale zaidi ya mita 500 juu ya mlipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne pumzikeni siku nzima. Ndiyo maana wasafiri hulala siku mbili Namche Bazaar, mita 3,440, ingawa miguu bado ina nguvu.

Ugonjwa wa mlimani huanza na kichwa kuuma, kisha kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu, kukosa usingizi. Aliye peke yake hujiambia ni uchovu wa safari. Wawili nao wana hatari yao, nayo ni kufichana. Mume hataki aonekane dhaifu, mke hataki kuharibu safari iliyokula akiba ya miaka. Katika kazi yangu ya uuguzi nawaona hawa hata bila mlima: mmoja anajibu "sijambo", mwenziwe nyuma yake anatikisa kichwa.

Basi kila jioni ulizaneni, na usitosheke na "nzuri". Kichwa kinauma? Umekula? Umelala? Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, msipande kesho. Hali ikizidi, shukeni. Mwambie atembee mstari mmoja ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba kama mlevi, au akisema mambo yasiyoeleweka, ubongo umeanza kuvimba. Akitweta ilhali amekaa, akikohoa, mapafu yanajaa maji. Hapo hakuna kusubiriana wala kubishana. Mnashuka saa ileile, hata usiku, na mgonjwa hashuki peke yake. Anaweza kukasirika na kukataa, kwa sababu ubongo uleule ulioumwa ndio anaoutumia kuamua. Mshushe tu. Pombe na dawa za usingizi ziacheni, hupunguza pumzi. Kijiji cha Pheriche kina kliniki ya ugonjwa huu msimu wa watalii, lakini msiifanye sababu ya kukaa mkisubiri.

Kabla ya zoezi, mitego miwili. Kwanza, "onana" na "onekana". "Tutaonana Namche" ni miadi. "Namche inaonekana" maana yake ukungu umeondoka. Hakuna anayemwona mwenziwe hapo. Hiyo -kana ni habari nyingine, tutaifikia. Pili, "kuachana". Mmoja akitangulia njiani, msimwandikie bibi kule Mombasa "tumeachana Nepal". Ataita kikao cha ukoo. Semeni "tulipotezana, tukakutana juu".

Zoezi: tungeni mazungumzo ya mistari minane, jioni ya pili Namche. Mmoja anaumwa kichwa na hataki kusema. Tumieni ulizana, fichana, shikana na kubaliana, na mara moja angalau muweke "na" baada ya kitenzi. Kisha tutayaigiza Jumamosi. Wanandoa hawatakaa pamoja. Mtabadilishana, maana ninyi mnaelewana hata kwa sarufi mbovu.