Kiumbe Wako Anafanya Kazi Gani?

Wadogo zangu, mambo ya uchumba na karo leo tuyaweke kando kidogo. Mdogo wangu mmoja wa Awasse, pale njia panda ya Mueda na Mocímboa da Praia, amechora kiumbe wake wa mchezo wa Pokémon. Amemtoa kwenye mapiko (mmoja huitwa lipiko), vinyago vya Wamakonde: kichwa cha mti, nywele za mtu zimebandikwa, mwili umefunikwa nguo hadi vidoleni. Anauliza ampe aina zipi mbili. Wenzake wanamshauri atafute mseto wenye udhaifu mchache kuliko yote, na kwa vile kinyago ni mti, wanataka aina moja iwe Majani.

Mdogo wangu, kwa hayo mawili usiwasikilize.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutabishana hadi kesho. Tangu 2013, aina ya Kichimbakazi ilipoongezwa kwenye Pokémon X na Y, aina zimekuwa 18. Ukihesabu wenye aina moja na wenye mbili, una njia 171 za kuchagua. Kiumbe akiwa na aina mbili, nguvu ya pigo huzidishwa kwa kila aina. Aina zote mbili zikiwa dhaifu kwa Moto, Moto unamchoma mara nne. Moja ikiwa dhaifu na nyingine ikiwa sugu, pigo linabaki la kawaida. Na aina moja ikiwa haiguswi kabisa na pigo fulani, basi pigo hilo ni bure, hata aina ya pili iwe dhaifu vipi.

Kwa mfano, mtazame Relicanth, kiumbe wa Pokémon aliyetoka 2002. Huyo ametokana na silikanti, samaki wetu wa kale wa pwani hii. Wavuvi wa Tanga wanamjua, na 1991 meli ya uvuvi ilimnasa jike nje ya Pebane, hapa hapa Msumbiji, akiwa na watoto 26 tumboni. Silikanti hujificha kwenye mapango ya miamba chini ya bahari, na waliomchora Relicanth walimpa Maji na Jiwe. Kimaumbile hapo huna la kuongeza. Lakini uwanjani Moto unamgusa kwa robo tu, halafu linakuja pigo la Majani, mara nne, na mara nyingi mchezo wake unaishia hapo. Ni kama amepewa aina kwa kile alicho, bila kuulizwa atamfanyia nini mchezaji anayemwingiza kwenye timu.

Swali hilo ndilo wanaloanza nalo watu wa Smogon, jukwaa la mtandaoni la wachezaji wa Pokémon, ambao tangu 2007 wanaunda viumbe wao kwa pamoja kwa ajili ya mashindano. Siku hizi kwanza hukubaliana wazo: kiumbe huyu anakuja kufanya nini? Aina hupigiwa kura baada ya hapo. Wa kwanza wao, Syclant, alipewa Barafu na Wadudu. Kwenye karatasi huo ni mseto wa kukimbiwa: Moto mara nne, Jiwe mara nne. Kuna mawe ya mtego, wachezaji huyaita Stealth Rock, yanayomkata kila anayeingia uwanjani kulingana na udhaifu wake kwa Jiwe. Mwenye udhaifu wa mara nne hupoteza nusu ya uhai kabla hajarusha hata pigo moja. Basi wakamtungia kipaji kipya, Mountaineer, kinachomkinga na mawe hayo anapoingia. Kipaji hicho kilizaliwa na udhaifu huo. Wangeukimbia, Syclant angekuwa mshambuliaji mwingine wa kawaida, na leo tusingekuwa tunamtaja.

Sasa turudi kwenye kinyago chako, maana hapa ndipo penye utamu.

Mzimu na Majani ni mseto mzuri, silikatai hilo. Mapigo ya Kawaida na ya Mapigano hayamgusi. Maji, Umeme, Udongo na Majani vinampata nusu. Udhaifu wake ni mitano: Moto, Barafu, Anga, Mzimu na Giza. Huyo ni wa kuingia kupokea pigo la mwenzake, kukaa, kuchosha adui polepole. Trevenant yupo tayari wa namna hiyo, na naye ni mti wenye roho.

Lakini lipiko hakai akachosha watu polepole! Umemwona mwenyewe. Mchezaji anachungulia kupitia mdomo wa kinyago, anafuata ngoma hatua kwa hatua, ngoma inakatika naye anasimama ghafla, kisha anawarukia watazamaji na wanawake na watoto wanatawanyika. Amekuja kutisha na kufukuza. Mti ni kitu alichochongwa nacho tu.

Kwa hiyo mpe Mzimu na Mapigano. Pigo la aina yake mwenyewe hupata nyongeza ya nusu ya nguvu, na aina hizi mbili zikishirikiana karibu hakuna wa kuzizuia: wa Kawaida, asiyeguswa na Mzimu, anapigwa na Mapigano mara mbili. Anayeziepuka zote ni mwenye Kawaida na Mzimu kwa pamoja, kama Zoroark wa Hisui. Udhaifu unabaki minne: Anga, Akili, Kichimbakazi na Mzimu. Mawe ya mtego nayo yanamkwaruza kidogo tu, sehemu moja ya kumi na sita ya uhai, nusu ya yanavyomkata yule wa Majani.

Usiogope kwamba Smogon walikwisha kuutumia mseto huo kwa kiumbe wao wa pili, Revenankh. Yule ni maiti aliyefungwa sanda, na wako anacheza ngoma. Ingia Pokémon Showdown kwa simu, ni bure na inafunguka kwenye kivinjari, ucheze kwanza na Annihilape, mwenye aina hizo hizo. Angalia nani anakusumbua. Nadhani watakuwa wa Kichimbakazi, na hao ndio utakaowafikiria unapomchagulia kipaji na mapigo.

Jambo moja nakuomba kama dada. Mapiko yana siri za jando, na nyingine si za kuwekwa kwenye mchoro. Kabla hujamwonyesha mtu mchoro wako, mpelekee mjomba au babu anayejua, umuulize kipi kichorwe na kipi kiachwe. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 viliwatawanya watu wa huko kwenu na ngoma zao. Kijana wa Awasse anayemchora lipiko leo anafanya jambo kubwa, na mimi nataka kuliona likikamilika.

Mkishakubaliana na babu, niandikie sentensi moja tu: kiumbe wako anaingia uwanjani kufanya nini. Nitumie pamoja na mchoro, tuanze kumchagulia kipaji.