Visima vya Isaka: Somo juu ya maji ya miaka mingi katika nchi ya ugeni



Somo la mwezi huu ni juu ya maji. Wengine watauliza: maji yanahusiana nini na kanisa? Tena wako wanaosema, sisi ni wapitaji, kesho tutarudi nyumbani, kwa nini tujisumbue na kisima cha miaka ishirini? Swali hilo ni la haki, na Biblia inalijibu.

Someni: Mwanzo 26:12-33, Yeremia 29:4-7, Yohana 4:5-12.

1. ISAKA ALIKUWA MGENI, LAKINI ALICHIMBA

Isaka alifika Gerari kwa sababu ya njaa. Nchi haikuwa yake. Hata hivyo alipanda mbegu, akavuna. Alifukua visima vya baba yake vilivyokuwa vimejazwa udongo, kisha akachimba vingine. Kisima kimoja kilileta ugomvi, cha pili kikaleta uadui, akaviacha. Cha tatu hakuna aliyekigombania. Mwishoni wenyeji wenyewe walimjia, wakala pamoja na kuapiana amani, na siku ile ile watumishi wake wakamletea habari kwamba wamepata maji.

Nabii Yeremia naye aliwaandikia mateka wa Babeli wajenge, wapande, na kuutafutia amani mji waliopelekwa. Hakuwaambia wasahau kwao. Aliwaambia wasikae bure wakingoja.

Kwa hiyo mkimbizi anayepanga maji ya muda mrefu hajakata tamaa ya kurudi. Anawatunza watoto wake leo, na anamwachia mwema wake yule atakayebaki.

2. TUJUE HESABU YETU

Bwana Yesu alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14:28). Tuanze hapo.

Kipimo kinachotumiwa na mashirika wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa uchache. UNHCR inalenga lita 20, yaani jerikani moja kwa kila mtu. Pampu ya mkono iliyo nzima hutoa karibu lita 17 kwa dakika. Ikifanya kazi saa 8 bila kupumzika, ni kama lita 8,000. Ndiyo sababu husemwa kwamba pampu moja isihudumie watu zaidi ya 500.

Tuseme kijiji kina familia 150 zenye watu sita sita, jumla watu 900, na pampu ni moja. Lita 8,000 kugawa kwa 900 ni karibu lita 9 tu kwa mtu. Foleni ndefu na ugomvi wa asubuhi havitokani na tabia mbaya ya akina mama peke yake. Hesabu yenyewe haitoshi. Kamati ikipeleka hesabu kama hii kwenye mkutano na mashirika, inasikilizwa kuliko malalamiko.

3. MAJI YA KUNYWA SI MAJI YA SHAMBA

Sisi ni wakulima, na kiangazi mboga zinatuita. Lakini tupime. Bustani ya mboga wakati wa jua kali huhitaji kama lita 5 kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Bustani ya mita 10 kwa 10 itakunywa lita 500, yaani jerikani 25 kila siku. Familia kumi zikifanya hivyo kwenye pampu moja, watoto wa wengine watalala na kiu.

Basi shamba litafutiwe maji yake:

- Maji ya kuogea na kuoshea vyombo yaende kwenye migomba na mboga.
- Matuta yafunikwe kwa majani makavu ili udongo usikauke upesi.
- Mitaro ichimbwe kukingama mteremko, ili mvua izame shambani badala ya kukimbilia bondeni na udongo wetu.
- Bwawa dogo la kukinga maji ya mvua lichimbwe mahali pa chini, lizungushiwe uzio kwa ajili ya watoto.

Mvua ya paa pia tusiidharau. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la kanisa la mita 20 kwa 8 likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 1,600. Tukitoa zinazopotea, zinabaki karibu lita 1,280, yaani jerikani 64 kwa mvua moja tu. Maji ya kwanza yanayoosha vumbi la paa yamwagwe, ndipo tangi lijazwe. Kanisa lenye bati lisilo na mfereji wa maji linaacha baraka ianguke chini.

4. PAMPU HAIFI KWA SIKU MOJA

Mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji vijijini uitwao RWSN ulikadiria kwamba karibu theluthi moja ya pampu za mkono katika nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikuwa hazifanyi kazi. Nyingi zilijengwa kwa fedha nyingi. Kilichokosekana ni matunzo.

Pampu hutoa dalili kabla ya kufa. Pampu nzima hujaza jerikani la lita 20 kwa dakika moja na kidogo. Kila mwezi mlinzi wa kisima apime kwa saa na aandike kwenye daftari.

- Ikiwa lazima upige mara nyingi asubuhi kabla maji hayajatoka, huenda valvu ya chini au bomba linavuja.
- Ikiwa maji yanatoka vizuri kisha yanakatika, na baada ya kupumzika yanarudi, huenda kisima kimepungua maji. Kamati ipange zamu na saa za kufunga.
- Ikiwa maji yana rangi ya kutu na ladha ya chuma, huenda mabomba ya ndani yanaliwa. Kwa sababu ya tatizo hilo, mwaka 2016 Wizara ya Maji ya Uganda ilisimamisha kutumia mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki kwenye pampu za mkono. Fundi akija kubadilisha, muulizeni ameleta bomba la namna gani.

Tena tulinde chanzo. Choo kiwe mbali na kisima angalau mita 30, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Mifugo isinyweshwe kwenye sakafu ya pampu. Maji yanayomwagika yapitishwe kwenye mfereji hadi kwenye bustani ndogo, yasituame.

5. FEDHA NA UAMINIFU

Mwaka 2025 misaada ya kimataifa kwa wakimbizi ilikatwa sana, na sote tumeona. Raba ya pampu haitangoja bajeti ya Geneva. Tuseme familia 150 zinatoa shilingi 1,000 kila mwezi. Zikitoa 100 tu, kwa mwaka ni shilingi 1,200,000. Fedha hizo zinaweza kununua vipuri vya kawaida na kumlipa fundi kabla pampu haijasimama kabisa.

Lakini fedha za maji zimevunja kamati nyingi. Tujifunze kwa Mitume. Manung'uniko yalipotokea juu ya wajane, walichaguliwa watu saba wenye sifa njema (Matendo 6). Paulo naye hakubeba sadaka peke yake, ili asilaumiwe (2 Wakorintho 8:20-21). Basi mtunza fedha asiwe ndiye mtunza daftari. Hesabu isomwe mbele ya watu kila mwezi. Akina mama wawemo kwenye kamati, kwa sababu wao na mabinti ndio wanaoteka. Na mjane, mzee au mlemavu asiyeweza kutoa asirudishwe na jerikani tupu. Jambo hilo liandikwe kwenye sheria za kisima tangu mwanzo, lisitegemee huruma ya anayeshika ufunguo.

6. WENYEJI WETU

Utaratibu wa Uganda ni kwamba asilimia 30 ya huduma zinazoletwa kwa ajili ya wakimbizi ziwafikie wenyeji pia. Watu wengine wetu wanaona ni kupunguziwa. Tumtazame Isaka tena: maji yalipatikana siku ya amani. Mwenyeji akiwa na kiti kwenye kamati, atakuwa mlinzi wa kisima. Akifukuzwa kwenye foleni, ndoo yake leo itakuwa kesi kesho.

MWISHO

Yakobo alichimba kisima, akaondoka, akafia Misri. Vizazi vingi baadaye Bwana wetu aliketi kando ya kisima kilichoitwa kwa jina la Yakobo, akiwa amechoka, akaomba maji. Hatujui ni nani atakayeketi kando ya kisima chetu. Na siku tutakayorudi nyumbani, pampu itabaki hapa, lakini ujuzi wa kupima, kutunza na kuhesabu tutaubeba bila kukodi lori, kwa vijiji vinavyotungoja.

Maswali ya kujadili katika vikundi:

a) Pampu yetu inahudumia watu wangapi? Hesabuni wiki hii.
b) Nani anashika fedha, na hesabu ilisomwa mara ya mwisho lini?
c) Ni familia gani jirani isiyoweza kutoa mchango? Tuwasaidieje bila kuwaaibisha?
d) Je, wenyeji wamo kwenye kamati yetu?

Tuombe: Ee Bwana, uliyemfungua Hajiri macho akaona kisima jangwani, utufungue na sisi macho. Utupe mikono ya kutunza ulichotupa, na moyo wa kugawana. Amina.