Uombe Mkopo wa Pesa Ngapi Ndio Karo Itoshe?

Shule zinafunguliwa Jumatatu na karo ni shilingi 18,500. Unataka kukopa kwa simu, lakini mkopo unakatwa ada ya asilimia 7.5 kabla pesa haijakufikia. Uombe ngapi? (Asilimia hiyo ni mfano tu. Angalia ya mkopo wako kabla ya kukubali.)

Wengi wetu tunapiga asilimia 7.5 ya 18,500, tunapata 1,387.50, tunajumlisha na kuomba 19,887.50. Pesa ikiingia, ni 18,395.94. Karo imepungua kwa zaidi ya shilingi 104! Kosa ni nini? Ada inakatwa kwenye pesa unayoomba, sio kwenye karo.

Basi tuandike mlinganyo. Pesa ya kuomba tuiite x. Asilimia 7.5 ni sawa na 0.075.

x − 0.075x = 18,500

Hatua ya 1: Ondoa desimali. 0.075 ina tarakimu tatu baada ya nukta, kwa hivyo tunazidisha kwa 1,000. Zidisha kila kitu, pande zote mbili. Hapa ndipo wengi huteleza: wanazidisha 0.075 na kusahau x na 18,500.

1,000x − 75x = 18,500,000

Hatua ya 2: Toa.

925x = 18,500,000

Hatua ya 3: Gawanya pande zote kwa 925.

x = 20,000

Hatua ya 4: Hakikisha. 20,000 × 0.075 = 1,500. Ukitoa 1,500 kwa 20,000, unabaki na 18,500. Karo imetoshea, hakuna cha kukopa kwa jirani.

Sasa jaribu hii. Una akiba ya shilingi 1,250.50 na kila siku unaongeza 87.50. Itachukua siku ngapi kufika 3,000.50?

87.5x + 1,250.5 = 3,000.5

Kila desimali ina tarakimu moja, kwa hivyo zidisha kwa 10: 875x + 12,505 = 30,005. Toa 12,505 kila upande: 875x = 17,500. Jibu ni siku 20.

Kabla ya kubonyeza "Kubali", rudi kwa mfano wa kwanza. Utashika 18,500 lakini deni ni 20,000. Hiyo 1,500 ndiyo bei ya mkopo, na ukiigawanya kwa pesa uliyoshika, ni kama asilimia 8.1, sio 7.5. Kama unaweza kuanza kuweka akiba mapema, hiyo 1,500 itabaki mfukoni mwako.