Dondoo muhimu: Tenisi ya nyanda za juu

Ukizoea kucheza Dar es Salaam kisha ukaalikwa Nairobi au Kigali, mipira itaanza kupitiliza mstari wa nyuma. Usiulaumu mkono. Hewa ya huko ni nyepesi: haiukabi mpira unaporuka, na hata ukiuzungusha, hauzami mapema kama pwani.

Anza na mpira wenyewe. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zinaruhusu mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, kwa hiyo soma kopo kabla ya kulipa. Pwani, mpira mzima wa kawaida ukiangushwa toka sentimita 254 kwenye sakafu ngumu hudunda kati ya sentimita 135 na 147. Usipofika hapo, wape watoto. Kopo likishafunguliwa, gesi ya ndani huvuja taratibu hata mpira ukikaa kabatini.

Kisha nyuzi za raketi. Zilizolegea hurusha mbali zaidi, basi mwambie fundi akaze kama kilo moja tu. Kiwiko kikiwa kinauma, acha kabisa kuzikaza. Nyuzi ngumu huupa mkono mtikisiko zaidi. Na zile za poliesta hulegea mapema, usingoje zikatike.