Neno Linapokosa Mahali pa Kukaa

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: Zab. 1:1–3, Mdo. 8:26–39; Mdo. 17:10–12, Flp. 4:10–13, Kol. 3:16.

Fungu la Kukariri: Wakolosai 3:16.

Mwaka 2006 mtafiti Jakob Nielsen alitangaza matokeo ya uchunguzi uliofuatilia mwendo wa macho ya watu 232 walipokuwa wakisoma kurasa za intaneti. Mara nyingi macho yalisoma mistari ya juu, yakashuka na kugusa sehemu ya mstari mwingine, kisha yakateremka upande wa kushoto hadi chini. Msomaji aliondoka akiwa ameuona ukurasa, lakini maneno mengi hakuyasoma.

Usomaji huo una faida yake. Anayetafuta bei ya mbolea au saa ya basi kuondoka hana haja ya kusoma kila neno. Hatari huja mazoea hayo yanapohamia kwenye Maandiko. Maryanne Wolf, mtaalamu Mmarekani wa jinsi ubongo unavyosoma, anaeleza kwamba hakuna mtu anayezaliwa akijua kusoma. Ubongo hujifunza kazi hiyo, nao hujengeka kulingana na usomaji unaozoezwa. Anayerukaruka kutwa nzima kwenye simu huifungua Biblia jioni akiwa na macho yaleyale.

Soma Wafilipi 4:10–13. Mafungu ya 11 na 12 yanabadilishaje jinsi fungu la 13 linavyoeleweka?

Fungu la 13 husambazwa sana kwenye simu, likiwa peke yake juu ya picha nzuri. Likisomwa hivyo, huonekana kama ahadi kwamba muumini atashinda kila analolijaribu. Lakini Paulo aliandika waraka huu akiwa kifungoni. Mafungu yaliyotangulia yanasema alikuwa amejifunza kuridhika, awe ameshiba au ana njaa. Nguvu anayoitaja ni ya kustahimili hali zote mbili.

Tofauti hiyo si ndogo. Mtu aliyeomba kazi akanyimwa, naye analijua fungu la 13 tu, anaweza kuhitimu kwamba Mungu amevunja ahadi, au kwamba imani yake mwenyewe ni bandia. Aliyesoma tangu fungu la 10 humkuta mtume katika uhitaji uleule, akiwa bado anamtegemea Kristo. Fungu moja limemvunja moyo mmoja na kumtegemeza mwingine, kwa sababu ya mistari michache iliyorukwa.

Soma Matendo 8:26–35. Swali ambalo towashi wa Kushi alimwuliza Filipo linaonyesha nini kuhusu namna alivyokuwa akisoma?

Towashi alitaka kujua nabii alikuwa akimnena nani. Swali kama hilo haliulizwi na mtu aliyepitisha macho tu. Alikuwa amekaa na Isaya mpaka akafika mahali asipoelewa, wala hakupaacha kutafuta jambo jepesi zaidi. Pale alipokwama ndipo Filipo alipoanza kumhubiri Yesu.

William Miller, mkulima wa jimbo la New York, alifuata njia hiyo kuanzia mwaka 1816. Akiwa na Biblia na itifaki, alisoma fungu kwa fungu, wala hakuendelea mbele hadi ugumu uliokuwapo umetatuliwa. Miaka 2 ilipita katika kazi hiyo. Usomaji wa makini haukumkinga na kila kosa, kama lilivyodhihirisha Fadhaa Kuu ya mwaka 1844. Lakini wale walioelewa kosa lilikuwa wapi walilielewa kwa kurudi kwenye Maandiko na kuyasoma upya.

Simu si adui wa Neno. Leo muumini asiye na uwezo wa kununua itifaki anaweza kulitafuta neno lolote la Biblia kwa sekunde chache. Waberoya walisifiwa kwa sababu waliyachunguza Maandiko kila siku, na kifaa kinachosaidia kuchunguza ni baraka. Lakini kupata fungu ni mwanzo tu. Paulo anawataka Wakolosai waliache Neno likae ndani yao, na mgeni hawezi kukaa katika nyumba ambayo mwenyeji wake anatoka kila dakika.

Uwezo uliopotea kwa mazoea unaweza kurudi kwa mazoea. Wolf mwenyewe alipojaribu kukisoma tena kitabu alichokipenda zamani, alishindwa kutulia. Akajiwekea muda mfupi kila siku, na baada ya majuma kama mawili utulivu ukaanza kurudi. Mti wa Zaburi ya 1 nao hauzai siku ulipopandwa. Huzaa kwa majira yake, kwa kuwa mizizi yake haikuhama kando ya maji.

Maswali ya Kujadili

1. Taja fungu ambalo watu wengi wanalijua kutokana na jumbe za simu. Lisomeni pamoja na sura yake yote. Mmegundua nini?

2. Je, darasa lenu linawezaje kumsaidia mshiriki ambaye Biblia yake pekee imo ndani ya simu, ili jumbe zinazoingia zisimwondoe katika somo?

3. Juma hili chagua sura moja tu na uisome kila siku, simu ikiwa mbali au sauti yake imezimwa. Sabato ijayo, lieleze darasa jambo ambalo hukuliona siku ya kwanza.