Barua ya Udahili na Fiqhi ya Gharama



Ndugu zangu katika imani, kila mwaka wapo vijana wa Dzaleka wanaomaliza MSCE na kuanza kutafuta chuo kikuu binafsi nje ya Malawi. Wapo pia wanaompa wakala akiba ya familia nzima kwa sababu ameahidi "nafasi". Leo tutazame udahili na gharama za vyuo hivyo kwa jicho la fiqhi ya miamala. Hoja yetu ni moja: usilipe wala usikubali chochote kabla ya kujua, kwa maandishi, nani analipa nini.

Bei inayotangazwa na bei unayolipa

Tuchukue Harvard, chuo binafsi cha utafiti huko Marekani. Mwaka wa masomo 2024/25 ada yake ilikuwa dola 56,550. Ukijumlisha tozo nyingine, malazi na chakula, zaidi ya dola 82,000. Mtu wa Dzaleka akiona hivyo hukata tamaa. Lakini chuo hicho hakiangalii mfuko wa mwombaji kinapoamua nani adahiliwe, hata akiwa mgeni, na aliyedahiliwa hupewa msaada unaoziba pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia yake, bila kulazimishwa kukopa. MIT, Princeton na Yale wana utaratibu kama huo. Mlango wenyewe ni mwembamba: Harvard huchukua watu kama 4 tu katika kila waombaji 100.

Vyuo vingi binafsi havina uwezo huo. Vitakudahili kwa furaha, kisha vitakuletea bili. Kwa hiyo barua ya udahili si barua ya ufadhili. Nanyi mnaofikiria masomo ya juu mjue kwamba katika vyuo vya utafiti vya Marekani mwanafunzi wa PhD mara nyingi husamehewa ada na hupewa posho, lakini wa shahada ya uzamili mara nyingi hujilipia.

Sheria inasemaje?

Kwanza, Mtume (SAW) alikataza mauzo ya gharar, yaani yenye utata na kubahatisha, kama alivyopokea Abu Hurayra (RA) katika Sahihi Muslim. Pia alimkataza Hakim bin Hizam (RA) kuuza asichokuwa nacho. Nafasi ya chuo imo mikononi mwa kamati ya udahili. Wakala anayeiuza anauza kisicho chake. Kulipia tafsiri ya vyeti au kazi inayojulikana ni jambo jingine. Hiyo ni ujira.

Pili, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika deni. Kama Allah (SWT) ametuagiza kuandika deni la muda, vipi tuidharau karatasi ya gharama za miaka minne?

Tatu, mkopo wa riba. Aya za 275 hadi 279 za sura hiyo hiyo zinatosha kutuonya. Uliza kabla ya kusaini kama "msaada" ulioandikwa ni ruzuku au ni mkopo.

Hatua za kufuata

1. Uliza chuo chenyewe kama kinatoa msaada kwa wageni, na kama kuomba msaada kunapunguza nafasi ya kudahiliwa.
2. Omba msamaha wa ada ya maombi. Vyuo vingi huutoa bure.
3. Eleza kipato cha nyumbani kama kilivyo. Asiye na hati ya mshahara aeleze kwa maandishi. Kudanganya ni khiyana.
4. Jumlisha ada, chakula, bima ya afya, viza na nauli, kisha toa ruzuku. Kinachobaki ndicho bei yako.
5. Ulizia viza mapema kulingana na uraia wako. Juni 2025, kwa mfano, Marekani ilisimamisha viza za masomo kwa raia wa Burundi.
6. Shughulikia ruhusa ya kutoka kambini kabla ya miadi yoyote Lilongwe. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ilijiwekea akiba katika vifungu kadhaa, vikiwemo vya elimu ya umma na uhuru wa kutembea.

Milango mingine

Mwaka 2010 Wajesuiti walianza kuleta Dzaleka masomo ya diploma ya Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani kwa njia ya intaneti. WUSC ya Kanada imekuwa ikipokea wanafunzi wakimbizi tangu 1978, na wanafunzi wa huko wenyewe huchangia gharama. DAFI, inayofadhiliwa na Ujerumani kupitia UNHCR, ilianza 1992.

Maswali ya halaka

- Kuna tofauti gani kati ya ujira wa wakala na kuuza nafasi?
- Mwenzetu amepata barua ya udahili yenye ruzuku ya nusu ya gharama. Utamuuliza nini kabla hajauza chochote?
- Wanafunzi wa Kanada huchangia masomo ya wakimbizi wasiowajua. Jumuiya yetu inaweza kumchangia nini kijana mmoja wa Dzaleka: ada ya mtihani, nauli ya Lilongwe, au mtu wa kumsomea barua yake?

Allah atupe elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Wabillahi tawfiq.